Beseni Chini ya Paa Zima

Mama yangu alikuwa karani wa shule niliyosoma, na kitu alichokiogopa kuliko vyote ni kumpa mtu sifa isiyo yake.

Kila mwisho wa mwaka vyeti vya kumaliza shule vilipita mezani kwake. Alama zilitoka kwa walimu, lakini mstari wa tabia aliachiwa yeye na mashine yake ya chapa, kwa Kiingereza, maana ndivyo vyuo vilivyotaka. Karani mwingine angempigia kila mtu "honest" akafunga ofisi. Mama, thubutu! Alikuwa na kamusi nene ya Kiingereza, na maneno ya ukweli aliyachambua humo kama mchele. "Honest" alipewa aliyeokota kitu akakirudisha. "Truthful", asiyesema uongo hata akibanwa. "Sincere", ambaye pole yake ilitoka moyoni. Na "frank" alilipata mvulana aliyemwambia mwalimu mkuu, mbele ya paredi nzima, kwamba suruali yake imechanika nyuma.

"Mama karani," mwalimu mkuu alilalamika, "wapige wote 'honest' twende nyumbani."

"Mwalimu, mimi si mhuri."

Nilimpenda kwa hilo, na nilimwogopa kwa hilohilo.

Nikiwa kidato cha pili, siku moja namsubiri ofisini baada ya masomo, niliimwagia kamusi ile chai. Kurasa zikagandana. Mama aliporudi nikamwambia paa limevuja, kwa kuwa mchana ule mvua ilikuwa imenyesha. Akatazama dari, akapitisha kidole kwenye ukurasa, akakipeleka mdomoni. Kesho yake alikuja na beseni la bluu kutoka nyumbani.

Tangu hapo, mawingu yakitanda tu, Mama anainuka, analitoa beseni kona na kuliweka mezani, palepale penye kamusi. Miaka miwili! Walimu walimtania wakachoka. Beseni halikupata hata tone, na mimi nililiona kila mvua, nikajifanya nasoma.

Nilipofika kidato cha nne nilikuwa nataka chuo cha uuguzi, sitaki kingine. Bila neno zuri kwenye mstari ule nisingepata. Nani amkabidhi dawa za wagonjwa mtu asiyeaminika?

Mama akaviringisha cheti changu kwenye mashine, vidole vikasimama hewani.

"Haya, mwanangu. Nikuandike nini?"

"'Honest', Mama. Kama wenzangu."

Nje mvua ikaanza kugonga mabati. Mama akainuka, akishika magoti yake mabovu, akaenda kona. Nikamwona anainama kulichukua beseni. Nikashindwa.

"Mama, acha. Paa halivuji. Ni mimi. Ilikuwa chai."

Akaketi, beseni mapajani.

"Nilijua siku ileile. Mvua gani ina sukari?"

"Sasa beseni la nini muda wote huu?"

"Nilikuwa nakungoja. Na umenichosha, we mtoto!"

Nikalia, yeye akacheka huku anajifuta macho. Kisha akapiga: "Owns up." Ndivyo Waingereza wanavyomsema mtu anayekiri kosa lake mwenyewe. Nikashusha pumzi. Lakini mashine haikunyamaza. Akaongeza koma, na neno moja: "eventually". Yaani hatimaye, baada ya kuzunguka sana.

"Mama! Hilo litaninyima chuo!"

"Nikilitoa, mwongo nitakuwa mimi."

Chuoni, mkuu wa wauguzi aliusoma mstari ule mara mbili, akavua miwani.

"Hiyo 'hatimaye' ilichukua muda gani?"

"Miaka miwili." Nikamweleza yote, mpaka sukari.

"Binti, ukikosea dawa, mgonjwa hana miaka miwili."

"Najua, mama."

Akacheka kidogo. "Leo wote wamekuja na 'honest'. Wewe ndiye wa kwanza ninayejua kosa lake." Akaandika jina langu.

Mama sasa amestaafu, magoti yamemshinda kabisa. Lakini kila ninapokosea wodini namwona anainuka kuelekea kona, na mimi nasema upesi, kabla hajainama.