Fundi Mitambo wa Kumi Bora

Mwezi uliopita basi letu lilisimama Igunga ili watu wachimbe dawa vyooni na kununua maji. Hapo stendi kijana mmoja anayeuza flashi za nyimbo alikuwa amefungulia spika yake hadi mwisho. Wimbo ulikuwa wa zamani, wa ngoma zinazomiminika bila kupumua, na mwimbaji akipiga kelele nyuma yake kama mtu aliyefungiwa stoo. Kabla sijaukumbuka vizuri, mkono wangu wa kulia ulikwishaanza kazi. Kidole gumba na cha shahada vilikutana vikawa vinazungusha kitu ambacho hakikuwepo, taratibu, kwenda kulia. Abiria mwenzangu akanitazama. Nikajifanya ninajikuna.

Mkono huo ulijifunzia kazi yake kwetu Ipuli, Tabora, nikiwa na miaka tisa. Dada yangu Zuhura alikuwa kidato cha nne, na alikuwa na selimundu, ugonjwa wa damu aliozaliwa nao. Maumivu yalikuwa yakimshika miguu na mgongo, analazwa, anaongezewa damu, anarudi nyumbani amepungua kama kipande cha sabuni. Kaka yetu wa kwanza alikuwa amekufa kwa ugonjwa huohuo kabla mimi sijazaliwa. Kwa hiyo baba, fundi bati asiye na maneno mengi, alitoa hukumu yake mwanzoni mwa mwaka ule. Tulikuwa tunakula.

"Zuhura, ukilazwa tena, shule basi. Utakaa hapa na mama yako. Cheti hakimfufui mtu."

"Sawa, baba," dada akajibu, akaendelea kumega ugali. Alikuwa anataka kuwa mwalimu wa hesabu, na alikuwa ameutaka ualimu huo tangu darasa la tatu.

Nisimseme baba vibaya. Alikuwa amekwishazika mmoja.

Sasa niwaambie habari za Kumi Bora. Kila Jumamosi saa tisa mchana, baada ya kipindi cha nyimbo mpya redioni, dada alifungua kaunta buku yake kwa nyuma na kupanga nyimbo zake kumi za wiki. Si za redio, zake mwenyewe. Mimi nilipiga mistari kwa rula, yeye akaandika kwa mwandiko wake wa kulala. Nyimbo hakuziandika kwa majina waliyozipa wenyewe, alizibatiza upya. Ulikuwepo wa Kinanda, wimbo laini nilioupenda mpaka nikauota. Ulikuwepo wa Bibi Harusi, na wa Mluzi. Na ulikuwepo huu wa Igunga, ambao sisi tuliuita Mvua ya Bati.

Sheria zilikuwa kali. Wimbo haupandi kwa kuombewa. Niliwahi kumpelekea karanga za kukaanga ili Kinanda ipande nafasi moja tu. Alizila zote, akaniandikia pembeni, "Jaribio la rushwa limeshindwa." Cheo changu kilikuwa fundi mitambo. Nilianika betri kwenye bati la jiko zilipochoka, nikazing'ata kidogo zikigoma, na kitasa cha sauti cha redio kaseti ya baba kilikuwa mali yangu. Dada akisema "ongeza," naongeza. Hakuna mtoto Ipuli nzima aliyekuwa na kazi kubwa kama yangu.

Katikati ya mwaka Kumi Bora ikaanza kuharibika, kwa maoni yangu. Mvua ya Bati ikapanda namba moja na haikushuka. Nyuma yake zikajipanga nyimbo za makelele matupu, hata moja ya matarumbeta ambayo dada mwenyewe alikuwa ameicheka. Kinanda ikaporomoka. Nyimbo tulizozirekodi tulizipiga sasa kila siku akirudi shule, si Jumamosi tu, na kila mara kwa sauti kubwa. Mama yuko uani anatwanga kisamvu, sisi chumbani tumefunga mlango. Baba akiwahi kurudi alilalamika mlangoni, "Mchana kutwa nagongewa nyundo, nyumbani nako ngoma! Nitahamia makaburini nipumzike." Mama alimtetea dada. "Mwache mwanangu afurahi."

Nilimuuliza dada kwa hasira, "Huu nao ni wimbo? Jamaa hata kuimba hajui."

Alikuwa amelala ubavu, magoti ameyakunja hadi tumboni, pindo la kanga liko mdomoni. Akalitoa. "Wimbo mzuri si ule unaopendeza," akasema. "Ni ule unaofanya kazi. Ongeza, fundi."

Nikaona machozi. Nikamuuliza analia nini, akasema wimbo unamliza. Nami nikaamini, kwa sababu shangazi yetu alikuwa akilizwa na kaswida. Niliona aibu kwamba mimi shabiki mwenzake nina moyo mkavu, nikajilaza kando yake na kubana macho hadi nikapata chozi moja. Nilimwonyesha. Alicheka, kisha akauma kanga tena.

Jumamosi ya mwisho zilikuwa zimebaki wiki tatu mtihani uanze. Mvua ya Bati ilikuwa namba moja wiki ya saba, na Kinanda imetupwa nje ya kumi kabisa. Nilikuwa nimenuna, sitaki hata kumtazama. Nilikaa nimempa mgongo, mkono kwenye kitasa.

"Ongeza," akasema.

Nikaongeza.

"Ongeza."

"Imefika mwisho, dada."

"Ongeza, mdogo wangu."

"Imefika mwisho!"

Hapo betri zikaanza kufa. Siku ile sikuzianika, hicho ndicho kilikuwa kisasi changu kwa ajili ya Kinanda. Ngoma zikalegea, sauti ya mwimbaji ikawa nzito, ikavutika, ikapungua. Na chini yake ikabaki sauti nyingine, ambayo nadhani ilikuwepo siku zote. Uani mchi ukasimama. Mama aliingia na majani ya kisamvu mikononi, akamwangalia dada mara moja tu, akaanza kuita majirani.

Tulimpeleka kwa pikapu ya jirani. Hospitali niliachwa nimesimama kando ya kitanda na kaunta buku kwapani, maana niliondoka nayo bila kujua.

Daktari alisikiliza kifua chake kwa muda mrefu. "Ameanza kuumwa lini?"

"Leo hii hii, daktari," mama akasema. "Jana alikuwa anasikiliza nyimbo zake."

"Kifua hiki si cha leo, mama."

"Mayu," mama akamwinamia dada kwa lile jina la Kinyamwezi analotuitia watoto wake wa kike akitaka kutubembeleza, "mayu, mwambie daktari." Lakini dada alikuwa anahitaji pumzi yote aliyokuwa nayo. Akanitazama mimi. Nikadhani ananidai betri.

Jumatatu asubuhi alifariki, na alasiri tulimzika.

Matangani redio ilifunikwa kanga, nyumba haina sauti ila ya kisomo. Nilimsikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Mama alikuwa karibu. Sijawahi kumwona akimjibu mtu mgeni vile, na nyumbani kwake mwenyewe. "Mwanangu hakuficha kitu," alisema. "Mwanangu alikuwa anapiga muziki." Yule mwanamke akaomba radhi. Baba alikuwa nje na wanaume, ameshika kofia yake mkononi.

Jumamosi iliyofuata, saa tisa, nilichukua kaunta buku nikapiga mistari. Nikaandika Kinanda namba moja, kwa kuwa hapakuwa na wa kunipinga. Nilijisikia mwizi. Nikaifuta hadi karatasi ikatoboka.

Miaka ilipita kabla sijaifungua tena. Nilikuwa chuoni, nakusanya vitu vya kuhama chumba, nikaketi chini kuisoma nikitarajia kucheka. Nikaanza wiki za mwanzo. Pale dada alipokuwa mzima, nilipomkumbuka akifua na kuruka kamba, Kinanda ilikuwa ya pili, ya kwanza, ya pili. Kisha wiki moja makelele yanapanda na nyimbo laini zinashuka. Wiki inayofuata zinarudi. Kisha makelele tena, na hapo hayashuki, wiki saba, mstari kwa mstari, kwa mwandiko mzuri na mistari yangu iliyonyooka. Alikuwa akizipanga kwa jinsi zilivyoweza kufunika kilio chake. Daktari aliuliza ameanza kuumwa lini, na jibu nilikuwa nalo kwapani.

Mtu wa miaka tisa halaumiwi, najua. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na najiamini mchana. Lakini mlango tuliufunga wawili, na kitasa nilikishika mimi. Laiti ningekuwa mvivu tangu mwezi wa kwanza wa kazi ile, baba angemwachisha shule, dada angemchukia, na pengine leo ningekuwa na dada mwenye kinyongo.

Basi lile la Igunga lilinifikisha Tabora jioni. Baba ametangulia, mama yupo, miguu imechoka lakini masikio mazima. Nilimsalimu, "Shikamoo, mama," akaitikia marahaba akiwa ananipapasa mabega kuona kama nimekonda. Tulipomaliza kula nikamwambia nimeusikia njiani ule wimbo wa Zuhura. Kaunta buku ilikuwa mkobani mwangu. Safari hii nilikuwa nimeazimia kumwonyesha.

Uso wake ukachangamka. "Wa ngoma ule? Heh! Nyumba ilikuwa haikaliki." Akasugua magoti. "Unajua, mayu, kinachonipa nguvu ni hicho tu. Kaka yenu alikufa analia. Lakini Zuhura, siku zake za mwisho, mwanangu alikuwa na furaha. Si ndiyo?"

Nilikuwa na mkono ndani ya mkoba.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Alikuwa na furaha sana. Alikuwa ananiambia niongeze, niongeze."

Akacheka hadi akafuta macho. Mimi nikaendelea kuongeza.