Maharage ya Nyumba Tisa

Saa nne asubuhi Odalmis Perdomo anachota harage moja kutoka kwenye sufuria ya presha ya umeme, analipuliza, analing'ata, kisha analitema mkononi. Ni la saba hili, na yote yamempa jibu lile lile.

"Kokoto," anasema. "Ningepika kokoto zingeshaiva."

Odalmis, mwenye umri wa miaka 56, ndiye mpishi pekee wa El Almendro, mgahawa wa meza sita ulio sebuleni kwa Orestes Quiala, katika mji mdogo wa San Casiano, Cuba. Hakuna viti viwili vinavyofanana, na menyu ni ubao ambao Orestes huufuta zaidi ya anavyouandika.

Leo saa saba anakuja Mirelis, mama anayemwandalia bintiye sherehe ya kutimiza miaka kumi na mitano. Anakuja na jamaa zake kumi, kuonja. Wakiridhika, sherehe ya watu themanini itafanyika hapa. Wasiporidhika, Orestes ameshasema: anafunga mwisho wa mwezi.

"Nimepika hapa miaka tisa," anasema Odalmis. "Kwa siku napata peso elfu moja na mia tano. Trei ya mayai ni elfu tatu. Kwa hiyo siku mbili za jasho langu namfanyia kazi kuku."

Kosa lilitokea alfajiri. Umeme wa San Casiano ni kama mume mtoro: huja bila taarifa, na haukai. Uliporudi saa kumi na moja, mtaa mzima uliruka kitandani kuinjika maharage meusi. Saa kumi na mbili taa ikapepesa. Odalmis akadhani inaaga. Akatoa mvuke haraka, akafungua presha, akamwaga siki na sukari, vitu vinavyoingia maharage yakishalainika.

Taa ikakaa mpaka saa moja. Lakini harage likionja siki kabla ya kuiva, limeshakula kiapo cha kutolainika.

Orestes anachungulia jikoni.

"Odalmis, roho yangu, niambie yameiva."

"Nguruwe ameiva."

"Sikuuliza nguruwe."

"Na mhogo umeiva."

Orestes anakaa juu ya kreti ya bia, anashika kichwa. "Basi wape wali mtupu."

"Nguruwe na wali bila maharage? Watauliza nani amefariki."

Kutoka upande wa pili wa ukuta wa ua inasikika sauti ya jirani, Zoraida. "Siki yako imenifikia toka alfajiri. Uliimwaga mapema, siyo?"

"Pua hiyo ingefaa polisi, Zoraida."

"Pua hii ina sufuria ya maharage yaliyoiva. Lete chombo, acha maneno."

Hapo ndipo Odalmis anakumbuka: mtaa mzima ulipika saa ile ile. Anabeba sufuria kubwa mkono mmoja, sahani ya ndizi za kukaanga mkono mwingine, maana hapa hupokei cha mtu ukamwacha mikono mitupu. Anapita nyumba tisa. Moja imezidisha sukari, nyingine imezidisha kitunguu saumu. Mwalimu mstaafu wa hesabu anatoa upawa mmoja na ushauri wa dakika kumi.

Saa saba na nusu Odalmis amesimama nyuma ya pazia, aproni ameifumbata mkononi. Mirelis anakula kijiko baada ya kijiko. Dada yake anaomba aongezewe. Hatimaye mpishi anaitwa.

"Mama, haya umeyafanyaje? Naonja ya bibi yangu, mara naonja ya mama mkwe, tena kuna kitu sikijui," anasema Mirelis.

"Nimechanganya kidogo," anasema Odalmis.

"Sherehe ni hapa, baada ya wiki tatu. Ila nataka haya haya. Yakibadilika nitajua."

Orestes anacheka peke yake. Odalmis ametafuta kiti.

Sasa anataka jiko la mkaa uani, asiutegemee tena umeme. Orestes ameahidi matofali. Lakini mkaa hauna mikono tisa, kwa hiyo jioni Odalmis anarudi ukutani.

"Zoraida, mtakuja kupika kwangu. Wote tisa. Watu themanini."

"Hata mwalimu?"

"Hata mwalimu."

"Haya. Lakini siki nashika mimi."