Jina la Aliyesimamisha Jiwe

Mchonga mawe wa mtaa wetu wa Dilala amefariki. Habari niliipata kwa dereva wa taksi-moto, yaani bodaboda, aliyekuwa akimbebea mawe yake. Kwa ambao hamkumfahamu, ndiye aliyechonga misalaba ya mawe kwenye kanisa dogo la njia ya Sandoa, wanakozikwa vijana wengi waliofukiwa mashimoni wakitafuta shaba na kobalti. Ukiisoma utashangaa: jina la kwanza si la marehemu. Ni la aliye hai.

Desturi hiyo ilitoka mbali. Ujanani alimfanyia kazi mchungaji wa kizungu, mtu wa kaskazini kabisa ya Ulaya, aliyemwonyesha picha za mawe ya kale yanayosimama kando ya makanisa ya vijijini kwao. Yana maandishi yaliyojipinda kama nyoka: fulani alisimamisha jiwe hili kwa ajili ya fulani, mwanawe. Aliye hai hutangulia kwa kuwa ndiye mwenye kazi ya kukumbuka.

Huku kwetu jambo hilo linatisha. Nilikuwepo siku mama mmoja mwenye asili ya Kasai, aliyefiwa na mwanawe, alipomfokea.

“Tata, mi niko muzima, na weye unaandika jina yangu pa kaburi? Unaniita kufwa?”

“Mama, kama jina inaua, mi ningekufa zamani, naandika yangu kila siku pa mulango! Mutoto hawezi kujisimamishia libwe. Anangoya mutu.”

Mama alikaa chini, akalia. Kisha akamtajia jina lake, herufi kwa herufi.

Mimi sikuwa na moyo wa yule mama. Mdogo wangu alipofukiwa shimoni, niliomba liandikwe jina lake peke yake. Mchongaji hakubishana, aliacha nafasi tupu juu, upana wa kiganja. “Siku utapata nguvu, utarudia.” Sikurudi. Kila tulipokutana sokoni aliniuliza habari za watoto, lakini la nafasi ile hakuligusa kamwe. Sasa imeota kuvu.

Jana nilimkuta mjane wake akisugua jiwe la mumewe.

“Jina yangu iko tayari, tata,” alisema. “Kunabaki nafasi ya mutu moya. Utaogopa tena?”

Nilimtajia langu, herufi kwa herufi, lichongwe chini ya lake. Kisha nikaazima kwake patasi ya marehemu, niende nayo kwenye kaburi la mdogo wangu. Ndugu msomaji, kama nawe umeacha nafasi tupu mahali, usingoje mchongaji azikwe ndipo uijaze.