Fundi Assumani na Kompyuta Inayobaki Nyuma Kila Jumatatu

Saa mbili asubuhi ya Jumatatu, Kisangani. Fundi saa Assumani Nassoro anakata kwa wembe karatasi iliyobandikwa juu ya kompyuta ya kubebwa, karatasi yenye saini mbili. Mwenye saini ya pili, Citoyen Amuri, amesimama nyuma yake na haondoi macho mikononi mwake.

"Pole pole, Papa Assumani. Niko naangalia."

"Angalia tu, Citoyen. Na miye niko nakuangalia."

Hawataniani. Assumani, mzaliwa wa Kasongo, ana miaka ishirini na miwili kwenye meza hii karibu na soko kuu, na katika muda wote huo hajamwamini mteja hata mmoja.

"Mutu analeta saa, anasema haikuanguka mu maji," anasema. "Ukifungula, muchanga ya mto iko ndani."

Kompyuta ni ya nyumba ya kununua kahawa ambayo Amuri ndiye mkurugenzi wake. Wiki tatu zilizopita alifungua barua ya bei, akakuta mashine imeandika kwamba ilichapwa Jumatatu saa kumi na moja alfajiri. Ofisi hufunguliwa saa mbili. Ufunguo wa pili anao karani wake Micheline, mjane mwenye watoto wanne. Amuri akaamini kwamba huingia gizani kuiba siri za bei.

Micheline aliapa kwamba barua aliichapa saa tatu asubuhi, mlango wazi, watu wakipita. Amuri hakutaka kusikia. Alimwambia akae nyumbani mpaka fundi aseme. Mashine ikiwa mbovu, atarudi. Ikiwa nzima, kazi hana, na polisi wataitwa.

Assumani aliiweka siku tatu kando ya saa yake ya mkononi. Haikupoteza hata dakika.

"Niliwaza, huyu mwanamuke anaingiaka ofisini na giza," anakiri.

Micheline alipokuja mezani kuulizia, fundi alimjibu kwa mkato, akidhani amekuja kumpoza kwa kitu kidogo. Jumamosi mchana alishika kalamu aandike kwamba mashine ni nzima.

Amuri alikuwa amefika kuichukua. Kabla ya kuitia mkobani, alichomoa betri na kuiweka mfukoni.

"Unafanya nini?" fundi akauliza.

"Kila samedi ninaenda na hii batri nyumbani. Bila batri, nani atafungula mashine yangu?"

Assumani akaweka kalamu chini.

"Bon, sikia. Ndani iko batri ingine ndogo sana, pile. Ile njo inatembezaka saa, na inakula kwa hii kubwa. Ile ndogo imezeeka: ukitosha kubwa, saa inabaki nyuma, mpaka mashine ipate internet ijirekebishe. Donc, acha mashine hapa mpaka lundi, lakini batri yako kaa nayo."

Wakabandika karatasi na kutia saini, maana hakuna aliyemwamini mwenzake.

Sasa, Jumatatu hii, Amuri anairudisha betri mahali pake. Kioo kinawaka. Saa ya Assumani inasema mbili na dakika kumi. Ya kompyuta inasema kumi na dakika tano alfajiri.

"Alors?" anauliza Amuri.

"Alors, ni weye. Ukitosha batri, saa inachelewa."

Amuri hakuomba radhi. Alisema tu, "Bon, arudi," akaondoka na mkoba wake. Assumani alifunga meza mchana kweupe, jambo asilolifanya hata akiwa na homa, akaenda kwa miguu hadi Mangobo, anakokaa Micheline. Micheline alifungua mlango nusu.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mutu. Ile saa iko mubaya. Weye hauna kosa."

"Na weye, Papa, uliniwaza mwizi?"

"Ndiyo."

"Siku ngapi?"

"Tatu."

Mlango ukafungwa. Siku iliyofuata Micheline alirudi kazini, na tangu hapo hupita mbele ya meza ya fundi kila asubuhi bila kumsalimu. Jambo hilo linamuuma mzee kuliko anavyotaka kuonyesha.

Pile mpya imeagizwa Kinshasa, itapanda na meli ya mto ikijaliwa. Assumani amepanga kuifunga mwenyewe, kulekule ofisini, Micheline akiwa ameketi mbele yake.

"Nitasema mbele ya mukubwa wake kwamba nilikosa," anasema. "Kisha nitamusalimia, 'Jambo.' Akiitika, muzuri. Asipoitika, ile ni haki yake."