Geuza Kabla ya Kuchapa

Baba yangu alipotea kwenye fulana yake mwenyewe.

Sitanii. Asubuhi alikuwepo kifuani, anatabasamu na masharubu yake yote. Jioni Mama alipoanua nguo, fulana ipo, Baba hayupo.

Kimebaki kivuli tu. Nusu ya sharubu na sikio moja.

Baba aliishika ile fulana dirishani, akaitazama kwenye mwanga kama daktari anayetazama picha ya mfupa.

"Mmenifua mpaka nikaisha," akasema. "Mtu mzima mimi, nakwenda na povu la sabuni."

Mama alicheka mpaka akatafuta kiti. Mimi sikucheka. Ile picha ya Baba ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza tangu nianze kujifunza kuchapa, na nilikuwa nimeshaitangaza kwa ndugu wote kwenye kundi la simu.

Ngoja niwaeleze nilifikaje hapo.

Nina stashahada ya lugha na uandishi. Niletee ukurasa wenye koma iliyokaa pasipo pake, nitaiona kabla sijausoma. Lakini koma haziajiri mtu. Nilizunguka na vyeti mpaka bahasha ikachanika pembe, mwisho nikasema basi, nitafanya kazi ya mikono, nyumbani.

Kuna mtu alikuwa anahama. Aliniuzia printa ya wino wa mvuke, mashine ya joto ya kugandamizia fulana na vikombe, na kimashine cha kukatia stika. Vyote kwa pamoja, kwa bei ya kutupa. Alikuwa na haraka ya ajabu ya kuviondoa.

Sikujiuliza kwa nini. Sasa najua.

Kazi yenyewe ukiisikia ni tamu. Unachapa picha kwenye karatasi maalumu, unailaza juu ya kitu, unagandamiza kwa joto kali. Wino unageuka mvuke, unazama ndani ya kitu na kukaa humo humo.

Ndivyo wanavyosema.

Mashine zilikaa kwenye meza ya chakula, kwa sababu nyumba yetu haina meza nyingine. Tukawa tunakula tumepakata sahani. Baba akimaliza anauliza, "Mheshimiwa printa ameshiba? Sisi wengine tunaweza kunawa?"

Kuhusu ile fulana, nilimuuliza Mwalimu. Huyu ni mama mmoja anayefundisha kazi hii kwa kutuma sauti kwenye simu. Sijawahi kumwona sura. Kila akiongea, nyuma yake kuna mashine inalia.

"Fulana ilikuwa ya nini?" akauliza.

"Ya Baba."

"Mwanangu, sikuulizi ya nani. Nakuuliza ya kitambaa gani."

"Pamba. Pamba safi kabisa."

Akavuta pumzi. "Wino huu na pamba haviivi chungu kimoja. Tafuta poliesta, nyeupe. Na usisahau, geuza kabla ya kuchapa."

Geuza kabla ya kuchapa.

Maneno manne. Mimi, mwenye stashahada ya maneno, yalinitesa kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

Nilichukua kikombe cheupe. Nikachapa picha, nikaigeuza karatasi kama nilivyoambiwa, nikaifunga kwenye kikombe kwa utepe wa joto, nikakitia kwenye mashine. Kilipotoka kilikuwa cheupe vilevile. Picha yote iko upande wa pili wa karatasi, imekiangalia kifuniko cha mashine. Nilikuwa nimekipa kikombe mgongo.

Kumbe kinachogeuzwa si karatasi. Ni maandishi yenyewe. Yachapwe kinyume, kama unavyoyaona kwenye kioo, ili yakihamia kwenye kikombe yasomeke sawa.

Sasa kwa nini hakusema "chapa kinyume"? Neno lipo! Lugha yetu si maskini!

Cha pili nilikiwekea maandishi makubwa, MAMA. Nikakaza utepe, nikabana, nikasubiri. Kikatoka kinang'aa, rangi imekolea, hakina hata kivuli. Nikampelekea Mama kwa mikono miwili, nimefumba macho kabisa kwa furaha.

Akakizungusha, akakizungusha tena.

"Mwanangu," Mama akasema polepole, "huyu Amam ni nani?"

Nikafumbua macho. AMAM.

Kwenye kukazana na utepe, nilikuwa nimesahau kugeuza. Na herufi zenyewe, M na A, hazina mbele wala nyuma. Zimepinduka na bado ziko sawasawa, kama vile kweli kuna mtu anaitwa hivyo.

"Ni mchumba?" Baba akadakia kutoka chumbani. "Mwambie huyo Amam aje ajitambulishe, asitumie vikombe."

Kuanzia siku hiyo jina langu pale nyumbani likawa Amam. Amam zima jiko. Amam fungua mlango.

Kwenye stika nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Kisu kikizama kidogo, hakikati. Kikizama zaidi, kinakata mpaka karatasi ya nyuma. Halafu uchukue kisindano uchokoe vipande visivyotakiwa, herufi moja moja. Ukivuta vibaya, tumbo la A, kile kijiti cha katikati, linang'oka. Nilikuwa nalala na vipande vya stika kwenye nywele.

Mara Shangazi akapiga simu.

Shangazi ni dada mkubwa wa Baba, na akisema jambo, Baba mwenyewe anakaa vizuri. Ana ghala la nafaka, mbali na kwetu. Alitaka mtu wa kukaa mlangoni na kuhesabu magunia yanayoingia na kutoka.

"Nimesikia huyo binti anawafua wazazi wake wanaisha," akasema, simu imewekwa sauti ya wote. "Nakuja kumchukua. Kusoma kote kule hawezi kushindwa kuhesabu."

Nikamtazama Mama. Mama akaitazama meza yake.

"Wifi," Mama akasema, "mpe nafasi kidogo. Akipata mteja mmoja, mteja wa kweli asiye ndugu yake, tumwache. Akikosa, utakapokuja uondoke naye, na hizi mashine tuziuze."

Hivyo ndivyo nilivyowekwa rehani. Mteja mmoja, au magunia.

Usinielewe vibaya. Kuhesabu magunia ni kazi halali. Lakini nilijiona mlangoni pale, mvi zinaniota, sijaandika sentensi hata moja mtu akaisoma. Nilijifungia bafuni nikalia, nikatoka.

Mtaa wa pili kuna msusi tunamwita Bi Shanuo, kwa sababu shanuo haling'oki kichwani mwake hata akienda msibani. Alikuwa anahamia kwenye chumba kipya, chenye vioo ukuta mzima, na alitaka aproni mpya za yeye na wasaidizi wake. Nikamfuata.

"Uniandikie 'Karibuni wateja wote,'" akasema.

"Hayo kila mlango umeandika, dada. Hata duka la misumari."

Akaacha kusuka. "Haya, wewe mwenye maneno, sema."

Nikafikiri. Nikamtazama mteja wake aliyekaa kwenye kiti, nusu ya kichwa imesukwa, nusu iko kama kichaka. Nikasema:

"Keti ulivyo, inuka utakavyo."

Bi Shanuo akarudia kwa midomo tu, bila sauti. Kisha akafungua kabati, akanitupia aproni zote mpya, nyeupe.

"Niletee siku ya kufungua, asubuhi. Ukiniharibia, nitakunyoa."

Nilikagua lebo moja moja. Poliesta tupu! Siku hiyo nilitembea kama mtu mwenye nyumba tatu.

Na kwa kuwa nilikuwa nimeumwa na kile kikombe, safari hii sikutaka mchezo. Kwenye kompyuta nikabonyeza geuza. Kwenye printa yenyewe nikaona kuna kisanduku kingine cha kugeuza, nikakitia alama pia, ili mambo yawe na uhakika. Karatasi zikatoka. Sikuzisoma. Wino huu ukiwa kwenye karatasi unafifia kama uji uliokosa maziwa, na nilishajua yatakuwa kinyume, nisome ya nini?

Nikagandamiza zote mfululizo, kama mashine. Ya mwisho ilipopoa ndipo nikaiinua mbele ya Baba.

Baba akainamisha kichwa kulia. Akainamisha kushoto.

"Amam," akasema kwa upole ambao ulinitisha, "hii ni lugha gani?"

Nikamtumia Mwalimu sauti. Akajibu papo hapo.

"Uligeuza wapi?"

"Kwenye kompyuta. Na kwenye printa."

Ile mashine ya nyuma yake ikanyamaza. Nikasikia kicheko kinaanzia mbali.

"Mwanangu, umegeuza, halafu ukageuza ulichogeuza. Umerudi ulikotoka!"

"Naweza kufuta?"

"Wino ukishazama kwenye uzi hautoki. Hiyo ni yako ya maisha."

Nilizifunga aproni kwenye mfuko, nikazifungua, nikazifunga tena. Nilitaka kuzichoma. Mama akanizuia mlangoni.

"Kazi ya mtu haichomwi. Ipeleke, uombe radhi. Na huko huko umsalimie Shangazi yako. Amefika mapema, nimemwelekeza kwa Bi Shanuo akasukwe kabla hamjaondoka."

Hamjaondoka. Alishanihesabu na magunia.

Nilipoingia, Shangazi alikuwa kwenye kiti cha katikati, ameukabili ukuta wa vioo kama jaji.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba. Begi liko tayari?"

Kabla sijajibu, Bi Shanuo alishafungua mfuko. Akatoa aproni moja. Akaisogeza mbali na macho, akaileta karibu.

"Wewe."

"Dada, naomba nikueleze..."

"Nisomee hapa! Nisomee! Mimi kiherehere changu kilichonifanya nimwamini mtu wa kutengenezea sebuleni! Wageni wanakuja, nivae matusi ya majini kifuani?"

Wasaidizi wake wakaanza kuchekea kwenye taulo. Nilitamani sakafu ifunguke. Nikasema pole, nikasema tena, maneno yangu yote ya stashahada yakawa hayo hayo tu, pole dada, pole sana.

"Na rangi nimeshaikoroga!" Bi Shanuo akang'aka. Kweli, bakuli la rangi ya nywele lilikuwa mkononi, na gauni lake lilikuwa jipya. Akajifunga ile aproni kwa hasira, kamba akaikaza kama anamnyonga mtu, akasimama nyuma ya kiti cha Shangazi na kuanza kupaka.

Akapaka mpaka nusu ya kichwa.

Mara Shangazi akasema, taratibu, kama anayesoma tangazo barabarani:

"Keti ulivyo... inuka utakavyo."

Mkono wa Bi Shanuo ukagandia hewani. "Umeambiwa na nani maneno hayo?"

"Niambiwe na nani? Si umeyaandika hapo kifuani!"

Bi Shanuo akainama kujitazama. Kinyume. Akainua macho kwenye kioo.

Nami nikatazama.

Mle ndani ya kioo, juu ya kichwa cha Shangazi chenye rangi nusu, maneno yangu yalikuwa yamenyooka, yanasomeka herufi kwa herufi. Mara ya kwanza niligeuza kwenye kompyuta. Mara ya pili kwenye printa. Mara ya tatu kwenye joto, karatasi ilipolala kifudifudi. Kioo kilikuwa kimegeuza mara ya nne.

"Lo!" Bi Shanuo akanong'ona. "Mteja wangu haniangalii mimi. Siku nzima anaangalia kioo." Kisha akapiga kelele, "Vaeni! Wote vaeni! Upesi!"

Shangazi alinitazama kupitia kioo.

"Maneno hayo umetunga wewe?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Na kuyaandika kinyume, ulipanga?"

Hapo mdomo wangu ulitaka kusema ndiyo. Ulishafunguka kabisa. Lakini macho ya Shangazi siyo ya kuchezewa.

"Hapana. Nilikosea. Niligeuza mara mbili."

Rangi ikamdondokea shingoni, hakuifuta.

"Basi magunia yangu usiyaguse," akasema. "Uyageuze mara mbili, niambiwe yaliyotoka ndiyo yaliyoingia? Utanifilisi. Kaa hapa hapa ukosee na watu wanaokuelewa."

Nilikwenda nje nikaegemea ukuta, nikacheka peke yangu kama chizi.

Mnadhani shida iliishia hapo? Bi Shanuo alipoajiri msaidizi mwingine, aliagiza aproni moja zaidi. Kwa mazoea ya kujirekebisha, nikaigeuza mara moja tu, ikatoka sahihi, nzuri. Akaipokea, akasimama mbele ya kioo, akanirudishia kwa ncha ya kidole.

"Hii umekosea."

Nilikaribia kumrukia.

Nyie mnaojifunza kazi mikono ikiwa bado mizito, sikieni la kwangu. Kabla hujaichoma kazi yako, ipeleke kwanza mahali ilikokusudiwa, ionekane na yule aliyefanyiwa. Ukiulizwa kama ulipanga, sema ukweli. Na karatasi zako uzisome kabla ya kugandamiza, tafadhali. Hilo la mwisho bado najifunza.

Meza ya Mama haijarudi. Tunaendelea kupakata sahani, ila Baba amepata fulana mpya, ya poliesta, na hadi sasa hajatoka na povu.

Mlangoni nimebandika stika niliyoikata mwenyewe, tumbo la kila A limebaki mahali pake. Imeandikwa AMAM. Wapita njia wananiuliza maana yake nini.

Nawaambia, rudini na kioo.