Leta Mguu, Madam

Jirani yangu hapa Kambi Muru ni fundi wa mbao, na akianza kupiga randa asubuhi ya mvua, mimi huacha chai ipoe. Si ile sauti. Ni maranda. Harufu yake kavu, tamu kidogo, ikinifikia juu ya harufu ya matope ya nje, narudi Kawangware. Niko darasa la nne, nina gunia la maranda kichwani, na watoto wa ploti wananifuata wakiimba, "Nesi wa punda! Nesi wa punda!"

Sikusoma sana, na sijui kama jambo hili linatosha kuandikwa. Nitakueleza tu, uamue mwenyewe.

Mama alipofariki, watu wa nyumbani walifanya kikao, wakakubaliana nikae kwa kaka yake huku Nairobi mpaka shule zifungwe, "halafu tutaona." Basi nikafika kwa Anko Wafula na begi lililokatika zipu. Sikutoa nguo. Lile "tutaona" halikuniruhusu. Asubuhi nilivuta nguo moja, jioni nikairudisha ndani.

Anko hakuwa mbaya. Nataka niseme hivyo mapema, kwa sababu nikisema alikuwa mkimya, watu hudhani alinitesa. Kipande kikubwa cha ugali alinikatia mimi. Mabati yakivuja, alisogeza godoro langu kabla ya lake. Ila maneno yake kwangu yalikuwa "umekula?" na "lala sasa." Yaliyobaki yote alimwekea punda wake.

Punda huyo alikuwa jike, jina lake Madam, kwa kuwa alitembea kama mwalimu anayekagua paredi. Alivuta mkokoteni wa mitungi ya maji mpaka Riruta Satellite, na maji hayo ndiyo yaliyotulisha. Mvua ndefu ilipoanza, njia yetu ikawa uji. Madam akashinda matopeni, akalala matopeni, mpaka jioni moja akaanza kuchechemea mguu wa mbele. Anko aliuinua, akachokoa chini ya ukwato kwa msumari aliokuwa ameuponda ncha ili usimchome. Harufu iliyotoka ilikuwa kama yai viza lililosahaulika ndani ya soksi. Kando ya ile nyama ngumu-ngumu ya katikati, palikuwa na ujiuji mweusi.

Siku hizo kila mtu wa ploti akawa daktari. Wengine walisema apakwe oili chafu ya gari, na siwezi kusema walikosea. Punda mmoja wa jirani alipakwa na akapona. Anko alikuwa na neno lake moja: "Maji hayaozeshi ukwato. Kinachouozesha ni kukosa kukauka." Kwa hivyo kila jioni tulichokoa matope, tukaosha kwa maji ya chumvi, tukapangusa kwa gunia mpaka kila mfereji ukauke, kisha Madam akasimama juu ya maranda mapya, chini ya mabati. Hapo ndipo palipokuwa pakavu pekee katika ploti nzima. Ndipo pia nilipozoea kufanyia homework. Sikulalamika. Labda kidogo, moyoni.

Ilikuwa hivi: Anko alikipa kichwa cha punda mgongo, akaubana mguu katikati ya magoti yake, nami nikachuchumaa mbele yake nimeshika beseni. "Leta mguu, Madam," alianza hivyo kila mara. "Umechoka? Najua. Hata mimi. Vumilia, jua litatoka tu." Nilikuwa nikisikiliza sauti ile ya upole, nikiona wivu. Unajua ilivyo kumwonea punda wivu?

Siku moja dalali alikuja, akamzunguka Madam. "Mzee, uza huyu. Hii ni nyama tu inatembea."

"Bado anakula," Anko akajibu.

"Hata mimi nakula, na hakuna anayeninunua!" Watu wakacheka.

Mama Brayo, aliyeuza sukuma wiki hapo getini, hakucheka. "Wewe Wafula, hebu fikiria. Huu mguu ukikataa, mkokoteni utavutwa na nani? Na haka kasichana utakalisha nini? Si karudishwe tu kwao ushago?"

Hakuwa na roho mbaya huyo mama. Alinipa sukuma za bure mara nyingi. Alisema tu kile ambacho mimi pia nilikuwa nikikiwaza.

 Jioni Anko alichokoa polepole kuliko siku zote. "Leta mguu, Madam."  Kisha akasema, "Usisikize watu. Wewe hurudishwi mahali."

Niliyatazama maji ya chumvi kwenye beseni. Nikafikiri: hata punda ana mtu wa kumwambia hivyo. Nikaingia ndani, nikakunja nguo zangu vizuri zaidi ndani ya begi.

Harufu ndiyo iliyoisha kwanza. Baadaye ujiuji ukakauka, na Madam akaanza kukanyaga bila kujihurumia. Ukigonga ukwato kwa kidole, ulilia ko! kama mbao. Shule zikafungwa. Nilivaa sweta, nikakaa mlangoni juu ya begi tangu asubuhi. Anko aliporudi na mkokoteni alinitazama, akalitazama begi.

"Maranda yameisha," akasema.

Nikaenda kuleta. Hakuna aliyenitajia ushago tena, na sikumbuki ni lini nilitoa nguo.

Madam alikufa, na Anko pia tumeshamzika. Ni juzi tu, randa ya jirani ikilia, neno lile la "hurudishwi mahali" liliponirudia nikalisikia vingine. Dalali alitaka kununua. Punda huuzwa, harudishwi. Halafu Madam alizaliwa nyuma ya ploti ile ile, angerudishwa wapi?

Labda nalazimisha maana. Mtu anayekaa peke yake anaweza kupika hata mawe yakaiva. Na Anko hayupo nimuulize. Lakini nilisimama hapa chumbani, nikainama, nikabana mguu wa stuli katikati ya magoti kama alivyofanya yeye, nikatazama. Masikio ya Madam yalikuwa kule nyuma, mgongoni kwa Anko. Mbele ya uso wake, na beseni mkononi, nilikuwa mimi.