Nyuki wa Madoa ya Buluu na Mtoto wa Goziba

Kuna siku moja ya utoto wangu, mwanangu, ambayo naikumbuka kila nikisikia mtu akimwita mtoto "wa kuletwa."

Tulikuwa tunakaa Kanazi, kwenye kibanja cha baba, katikati ya migomba na kahawa. Mwaka huo baba alirudi na binti aliyemzaa kisiwani Goziba, kule ziwani alikokuwa akivua, maana mama wa mtoto alikuwa amefariki. Aliitwa Kemilembe, na tulilingana umri. Mama yangu alimpokea, lakini uchungu aliokuwa nao kwa baba ulimkaa moyoni.

Ukuta wa jiko letu ulikuwa wa udongo, na nyuki wale wasiokaa mizingani walikuwa wametoboa matundu humo. Kila jike alichimba lake, akaweka chavua ya maua, akataga yai na kuziba. Mchana wa siku hiyo ninayoikumbuka, mama alituonyesha nyuki wa aina nyingine, mweusi mwenye madoa ya buluu, mzuri kama shanga. Alielea mbele ya ukuta akisubiri. Mwenye tundu alipokwenda mauani, yeye akaingia, akakaa kidogo, akatoka.

"Ametaga," mama alisema. "Huyu hajengi wala habebi chavua. Buu lake lina meno makali. Linamuua mtoto wa mwenye nyumba, halafu linakula chakula chote." Akamtazama Kemilembe. "Kama wengine humu ndani."

Bibi, mama yake baba, alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Akaweka kisu chini.

"Mke wa mwanangu, yule nyuki ameumbwa hivyo. Miguu yake haina hata manyoya ya kushikia chavua. Angetaka kubeba asingeweza. Maji unayopikia leo yameletwa na nani?"

Aliyeyaleta ni Kemilembe.

Lakini neno lilikuwa limeshaingia. Tangu hapo mtoto yule alikula matonge machache na kusema ameshiba. Asubuhi moja hatukumwona. Watu wa mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, wakasema amepanda mtumbwi wa wavuvi kurudi Goziba. Mama, aliyeogopa ziwa kuliko kitu chochote, alijifunga khanga akasema, "Nimemfukuza mimi, nitamfuata mimi." Akavuka, akamkuta Goziba anaanika dagaa kwa watu baki. Kemilembe mwenyewe ndiye aliyenisimulia baadaye: mama alipiga magoti mchangani mbele za watu, akamwomba msamaha.

Alirudi. Mama alimlea kwa upole hadi alipoolewa Muleba. Lakini hata akiwa mtu mzima, hakugusa chakula kwetu mpaka aambiwe, "Kula." Mama alimwambia hivyo kila mlo, na kila mara niliuona uso wa mama ukibadilika.

Kwa hiyo nakusihi, mwanangu, wewe uliyepokea mtoto usiyemzaa. Ukiwa na uchungu, mwambie mtu mzima aliyekutia uchungu huo. Mtoto hakuchagua kuja. Na ulimi ukikuponyoka, mtake radhi siku hiyo hiyo, kabla hajalala na neno lako kifuani.

Mungu akupe moyo mpana, na watoto wote walio chini ya paa lako wakukimbilie bila woga.